Kuacha Lami Bila Kuacha Akili: Pwani ya Maskati hadi Sur

Kila likizo ikikaribia tunaulizana lile lile: safari hii twende wapi na gari? Kwa anayeanza kuendesha nje ya lami hapa Oman, mimi napendekeza pwani ya Maskati hadi Sur, kiasi cha kilomita 200. Barabara kuu ni lami tupu, kwa hiyo unachepuka, unajaribu, ukichoka unarudi.

Anzia Fins, mbele ya shimo la Bimmah. Hapo kuna njia ya changarawe inayofuata bahari na kushuka kwenye fukwe ndogo nyeupe. Changarawe haina makuu: nenda polepole, liache mbali gari la mbele kwa sababu ya vumbi na mawe, usikanyage breki ghafla.

Mchanga ndio wenye kesi. Unataka tairi pana, basi punguza upepo kutoka psi 35 hivi hadi 20 hivi, na uwashe 4x4 kabla ya kuingia, sio baada ya kukwama. Gurudumu likianza kuzunguka bure, acha mafuta mara moja! Mimi sikuacha. Tulichimba kwa sahani za pilau mpaka magharibi, akaja mvuvi mmoja kutuvuta huku anacheka. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo tena.

Ukishazoea, jaribu Wadi al Arbaeen, njia ya changarawe inayoingia milimani. Lakini hapa jamani tusikilizane. Wadi ni bonde la mto ambao muda mwingi ni mkavu. Mvua ikinyesha juu kwenye milima ya Hajar, mwamba hauinywi. Maji yote yanashuka bondeni, na wewe huku chini unaona jua linawaka. Maji ya magoti tu yanaweza kulisukuma gari. Wengine wanaosombwa sio wageni wa gari, ni watu waliosema "tutapita tu". Zaidi ya hayo, kuvuka wadi lililojaa mafuriko ni kosa kisheria. Kwa hiyo tazama utabiri wa milimani, sio wa Maskati peke yake. Ukiona mawingu huko, geuza. Na usipige hema ndani ya wadi hata siku moja.

Mengine ni haya: nendeni magari mawili, bebeni maji mengi, kamba, beleshi na pampu, mwambieni mtu mnakokwenda na saa ya kurudi. Namba ya dharura ni 9999. Gari la kukodi, soma mkataba kwanza, maana bima nyingi hazilipi ukiacha lami. Usiendeshe ufukweni usiku, kasa wanataga. Na sisi tuliozoea kushika kushoto kwetu, tukumbuke hapa ni kulia, hasa unaporudi barabarani umechoka.

Haya, tukutane Fins inshallah. Beleshi ninalo sasa.