Namna ya Kuhesabu Kisichoonekana

Asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la kanisa, twaona mavumbi yakielea hewani. Lakini, ndugu wasomaji, tusidhani tumeona yote. Mna chembe nyingine ndogo mno kuliko mavumbi yale. Tena nyingi hazikuinuliwa na upepo toka chini: zimezaliwa humo humo hewani, mivuke ikishikamana. Chembe ikizaliwa, upana wake ni nanometa 1 au 2 tu. Nanometa milioni 1 ni milimeta moja.

Kwa nini tujisumbue na kitu kidogo hivi? Kwa sababu ya mvua. Katika hewa yetu, mvuke wa maji haugeuki tone la wingu peke yake. Sharti upate chembe ya kushika.

Basi, zahesabiwaje? Katika miaka ya 1880 John Aitken, mtu wa Scotland, alifunga hewa yenye unyevu katika chombo, kisha akaipanua kwa ghafula. Hewa ikapoa, mvuke ukakaa juu ya kila chembe, matone yakaanguka juu ya kibao chenye mistari, naye akayahesabu kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo kusema, alifanya wingu dogo ndani ya chombo. Vyombo vya leo vyafuata njia ile ile: mvuke wa alkoli hukuza chembe, na mwali wa leza huzihesabu. Zilizo ndogo kabisa huvikwa mara mbili, kwanza kwa mvuke mwingine, kisha kwa alkoli.

Lakini kuhesabu hakutoshi. Sharti kupima ukubwa pia, saa kwa saa. Huko Hyytiälä, katika msitu wa misonobari wa Finland, wanapima hivyo tangu mwaka 1996. Siku nyingine za jua, chembe ndogo kabisa zaongezeka ghafula mchana. Saa chache baadaye zimekua. Huo ni ushuhuda kwamba zimezaliwa.

Wazazi wao ni mivuke gani? Msituni mivuke imechanganyika. Kwa hiyo huko CERN, karibu na Geneva, wenye elimu hutumia pipa la chuma la meta kubiki 26, lililosafishwa sana, wakitia mvuke mmoja mmoja. Mwaka 2011 walitangaza kwamba asidi ya salfa na maji havitoshi kueleza chembe za hewa ya chini. Amonia husaidia sana. Mwaka 2016 wakaonyesha kwamba mivuke ya miti yaweza kuzaa chembe hata pasipo asidi ile.

Hapo ndipo penye uzito. Tukitaka kujua moshi wa viwanda umebadili mawingu na joto la dunia kwa kadiri gani, sharti tujue hewa ilivyokuwa kabla ya viwanda. Nayo, kwa kazi ya miti, ilikuwa na mbegu za mawingu kuliko ilivyodhaniwa. Asiyejua mwanzo wa hesabu, hawezi kujua deni.