Safari ya miezi, kirusi cha siku: kwa nini ni vigumu kupanga likizo ya meli wakati wa janga

Tarehe 20 Januari 2020 abiria mmoja alipanda meli ya Diamond Princess katika bandari ya Yokohama, Japani. Alisafiri siku tano, akashuka Hong Kong tarehe 25, na meli ikaendelea na mzunguko wake. Tarehe 1 Februari vipimo vilionyesha kuwa ameambukizwa kirusi kipya cha corona. Wakati huo wenzake aliowaacha melini walikuwa wamekula pamoja, wamekaa kwenye kumbi za burudani, wamebanana kwenye lifti na kucheka pamoja kwa siku nyingi.

Meli iliporudi Yokohama usiku wa tarehe 3 Februari ilikuwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Tarehe 5 majibu ya kwanza yalionyesha watu 10 wenye maambukizi, na abiria wakaamriwa kubaki vyumbani kwa siku 14. Hadi mambo yalipotulia, watu 712 walikuwa wameambukizwa na zaidi ya 10 kati yao walifariki.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Meli za utalii zimejaa upya. Hata hivyo, swali lililowakosesha watu usingizi wakati ule litarudi siku janga jingine litakapobisha hodi: nilipie safari ya miezi sita ijayo, au niache? Wengi waliuliza wakitaka jibu la ndiyo au hapana, na wengi waliudhika walipolikosa. Kulikosa kwao kulikuwa na sababu ya kisayansi, na anayeielewa hupanga safari yake vizuri zaidi.

Kalenda mbili zisizokutana

Safari ya meli hupangwa kwa miezi. Familia hulipa kianzio nusu mwaka au hata mwaka mzima kabla, kisha humalizia deni miezi miwili au mitatu kabla ya kuondoka. Kirusi kinahesabu siku.

Kinapoingia mwilini hakijitangazi. Kuna kipindi ambacho kinaongezeka kimyakimya, mfano wa kuku anayeatamia mayai: kwa nje huoni kitu, ndani kazi inaendelea. Kwa aina za mwanzo za UVIKO-19 kipindi hicho kilikuwa wastani wa siku tano, na kwa wachache kilifika siku 14. Kwa aina ya baadaye, Omicron, kilipungua hadi kama siku tatu. Kibaya zaidi, mtu huweza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajasikia hata koo kuwasha.

Sasa mfikirie mzee anayeambukizwa Alhamisi, akiwa ndani ya ndege inayompeleka bandarini. Jumamosi anapimwa penye ngazi ya meli na majibu yanakuja safi. Mzee hajadanganya, wala kipimo hakina hitilafu. Virusi bado ni vichache mno kuonekana. Jumapili au Jumatatu anaanza kuambukiza. Jumanne jioni anakohoa. Hadi hapo amekula mara nane au tisa katika ukumbi wa watu mamia, na bado ana siku nne za safari mbele yake.

Diamond Princess ilithibitisha jambo hili kwa hesabu. Kati ya wale 712, watu 331 hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa, yaani karibu nusu yao. Kipimajoto cha mlangoni kingewapitisha wote.

Meli iliyojiandaa kwa ugonjwa mwingine

Isidhaniwe kuwa meli hizi zilikuwa chafu au ziliendeshwa ovyo. Marekani ina mpango wa kukagua usafi wa meli za utalii tangu miaka ya 1970, unaosimamiwa na kituo chake cha kudhibiti magonjwa, CDC. Adui aliyezoeleka alikuwa norovirusi, anayeleta kutapika na kuharisha. Norovirusi hujitokeza ndani ya saa 12 hadi 48, kwa hiyo mlipuko hujulikana mapema. Hupita mikononi, kwenye chakula na kwenye vitu vinavyoshikwa na wengi. Wafanyakazi wamezoea kupambana naye: sabuni na maji mlangoni pa ukumbi wa chakula, vyuma vya ngazi kufutwa kila mara, mgonjwa kubaki chumbani.

Kirusi cha corona kilipita njia nyingine. Kilisafiri zaidi hewani, katika matone madogo yanayotoka mtu anapoongea, anapoimba au anapokohoa, na madogo kabisa huelea kwa muda katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Meli ya utalii ina vyumba vya ndani visivyo na dirisha hata moja, ina lifti, ina kumbi za maonyesho. Sabuni iliendelea kuwa na faida, ila haikuweza kuosha hewa.

Zilipotoka habari kwamba chembe za kinasaba za kirusi zimepatikana kwenye vyumba vya Diamond Princess siku 17 baada ya watu kuondoka, kabla vyumba havijasafishwa kwa dawa, hofu ilipanda. Chembe hizo ni kama majivu jikoni. Majivu yanakuambia moto uliwaka hapa. Hayasemi kwamba bado yataunguza. Kipimo kile kilionyesha alama za kirusi bila kuthibitisha kuwa kilikuwa hai.

Watafiti waliotumia hesabu kupima mwenendo wa maambukizi melini walikadiria kuwa lau watu wote wangeshushwa tarehe 3 Februari, walioambukizwa wangekuwa 76 tu. Makadirio hayo yana mipaka yake, lakini yanatufundisha kwamba kila siku ambayo wazima na wagonjwa wanabaki chini ya paa moja, kirusi kinavuna.

Sitaha ya tatu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na meli ya utalii huelea kwa jasho la watu ambao abiria huwaona wakitabasamu tu. Wakati abiria wa Diamond Princess wamejifungia vyumbani, mtu alipaswa kupika, kupanga trei, kupita mlango kwa mlango, kubisha, kuweka chakula na kukusanya vyombo. Baada ya zamu, wafanyakazi walirudi kwenye vyumba vyao vya kulala zaidi ya mtu mmoja na kula katika ukumbi wao wa pamoja. Kwao karantini haikuwa na mlango wa kufunga.

Wachunguzi walipowaangalia wafanyakazi 20 wa kwanza waliothibitika kuambukizwa, 15 walikuwa watu wa huduma ya chakula, na 16 kati ya hao 20 walilala sitaha moja, ya tatu. Mwishowe wafanyakazi 145 wa meli hiyo waliambukizwa.

Jambo hili lina uzito kwetu, maana wapo vijana kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliopata ajira kwenye meli za namna hii. Janga linapovuruga safari, abiria hupoteza likizo, naye mfanyakazi hupoteza mshahara unaosomesha wadogo zake. Mwaka 2020, miezi kadhaa baada ya abiria kufika makwao, makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikuwa bado baharini, meli zao zimetia nanga bila bandari ya kuwapokea.

Bandari inapofunga mlango

Hapo ndipo penye wasiwasi wa pili wa msafiri: atashukia wapi? Meli ya Westerdam iliondoka Hong Kong tarehe 1 Februari 2020. Ilikataliwa Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand, hadi Kambodia ilipoipokea katika bandari ya Sihanoukville tarehe 13. Zaandam iling'oa nanga Buenos Aires tarehe 7 Machi, bandari za Amerika Kusini zikafungwa mbele yake, na ikafika Florida tarehe 2 Aprili ikiwa imepoteza watu wanne njiani. Ruby Princess ilipata kinyume chake. Sydney iliipokea tarehe 19 Machi na abiria wapatao 2,700 wakashuka na kutawanyika. Vifo 28 vilihusishwa na safari hiyo.

Kufunga mlango kuliumiza, na kuufungua bila utaratibu kuliua. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinasema nchi isiizuie meli kutia nanga kwa sababu za kiafya tu, na kama bandari haina uwezo, meli ielekezwe kwenye bandari inayofaa iliyo karibu. Hofu ilipotanda, kanuni hiyo ilibaki kwenye karatasi.

Watu wa pwani yetu si wageni wa jambo hili. Anayepanda mashua kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe wakubwa, hupita kwenye majengo yaliyokusudiwa kuwa gereza mwishoni mwa karne ya 19, yakageuzwa mahali pa karantini kwa wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano. Kukaa pale hakukuwa raha. Lakini pwani ya wakati ule ilielewa jambo ambalo bandari nyingi zililisahau mwaka 2020: mahali pa kumweka msafiri mgonjwa huandaliwa kabla meli haijaonekana kwenye upeo wa macho.

Wiki mbili za Desemba

Chanjo zilipokuja, wengi waliamini kuwa mashaka yamekwisha. Juni 2021 meli zilianza kuondoka tena Florida na abiria waliochanjwa. Kisha ikaja Omicron. Kati ya Novemba 30 na Desemba 14 mwaka huo, CDC ilipokea taarifa za wagonjwa 162 kutoka kwenye meli za utalii. Kati ya Desemba 15 na 29 walifika 5,013. Tarehe 30 Desemba CDC iliwashauri watu waepuke safari za meli hata kama wamechanjwa. Tarehe 30 Machi 2022 ilani hiyo ikaondolewa kabisa.

Chanjo ilikuwa imefanya kazi kubwa ya kupunguza ugonjwa mkali na vifo. Haikuwa imezuia kirusi kilichobadilika kisipite kati ya watu waliokaa karibukaribu. Aliyelipia safari mwezi Oktoba alikuwa na sababu nzuri. Aliyeahirisha Januari safari ya Aprili naye alikuwa na sababu nzuri. Kila mmoja alikuwa sahihi siku yake, na wote wawili walipitwa na matukio. Wataalamu waliobadilisha ushauri katikati hawakuwa wababaishaji. Walikuwa wakisoma takwimu zilizobadilika kwa wiki.

Kinachojulikana mapema na kisichojulikana

Ushauri wangu unatokana na zile kalenda mbili. Gawanya uamuzi wako. Mambo yanayoweza kujulikana miezi sita kabla, yamalize miezi sita kabla. Hali ya maambukizi iachie siku za mwisho, kwa kuwa ndipo inapojulikana.

Anza na fedha. Soma hadi tarehe gani unaweza kughairi safari ukarudishiwa pesa taslimu, na baada ya hapo unabaki na nini. Machi 2020 kampuni nyingi ziliwapa wateja hiari: kurudishiwa fedha yote, au kupata hati ya safari ya baadaye yenye thamani ya asilimia 125. Hati inavutia, ila kwa kweli ni mkopo unaoikopesha kampuni wakati nayo imo taabani.

Ifuate bima. Bima nyingi za safari hazilipi hasara inayotokana na tukio ambalo tayari limetangazwa siku unapozinunua. Uliza waziwazi: nikilazwa nchi ya kigeni, au nikihitaji kutolewa melini kwa ndege, nani analipa?

Kisha mwili. Meli ina zahanati nzuri lakini haina hospitali kamili, na nchi kavu inaweza kuwa mbali kwa siku mbili. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa mapafu azungumze na daktari wake kabla ya kulipa, na abebe dawa za wiki mbili zaidi ya siku za safari. Ndani ya Diamond Princess wapo waliokaa chumbani huku dawa zao za kila siku zikiisha.

Halafu pima kama unaweza kumudu kukwama siku 14. Kazi itakusubiri? Watoto watakuwa na nani? Kama jibu ni hapana, basi safari hiyo haikufai msimu huu, hata takwimu ziwe nzuri kiasi gani.

Lipo pia swali moja ambalo wasafiri hawajalizoea. Ukiwa mbele ya wakala, kabla hujatoa kianzio, muulize: ugonjwa ukizuka, wafanyakazi walioambukizwa watalala wapi, na nani atapika badala yao? Jibu lake halibadiliki kila wiki kama idadi ya wagonjwa. Kampuni iliyotenga vyumba kwa ajili ya watu wa sitaha ya tatu imekwishafikiria hewa, imekwishafikiria zahanati na bandari za dharura. Isiyo na jibu itakuacha ukisubiri trei mlangoni, iliyobebwa na mtu mwenye homa asiye na mahali pengine pa kwenda.