Sindano Mbili au Kroshia?

Akina mama wengi huuliza ni kazi ipi iliyo bora, kufuma kwa sindano mbili au kwa kroshia. Jawabu lategemea kitu kinachofumwa, na sufu iliyomo kikapuni.

Mama wa Limuru au Kinangop, ambako baridi ya Julai si ya mchezo, na amfumie mtoto wake sweta kwa sindano mbili. Vitanzi vya safu nzima hukaa sindanoni pamoja, na kila kimoja hupitishwa ndani ya mwenzake. Kwa hiyo nguo huvutika kichwa kinapopita, kisha ikarudi kuushika mwili. Soksi ni vivyo hivyo. Lakini jihadhari: kitanzi kimoja kikiponyoka, chaweza kufumuka safu kwa safu hadi chini.

Kroshia ina ndoano moja, na kwa kawaida kitanzi kimoja tu ndicho kilicho wazi. Ukikosea, wafumua kidogo na kuendelea. Ila kitambaa chake aghalabu ni kinene, hakivutiki sana, nacho hula uzi mwingi zaidi. Mwenye mabonge machache ya sufu akiishika kroshia kwa sweta, huenda akaishiwa kabla ya kumaliza mikono, na mtoto akabaki na baridi yake.

Kwa vitambaa vya meza na vya makochi, vya uzi wa pamba, kroshia haina mshindani: huanzwa katikati, ikazungushwa, mviringo ukatoka bila mshono. Tena, sweta za shule hufumwa kwa mashine, bali kroshia halisi hutoka mkononi tu. Auzaye asisahau hayo anapotaja bei.