Maziwa, Mayai na Ushuru wa Jirani: Mabishano katika Bunge la Kanada

Wakulima wengi wamekwisha kusikia katika redio habari za ugomvi wa ushuru baina ya Marekani na Kanada. Yaliyosemwa zaidi ni mambo ya magari na chuma. Lakini katika Bunge la Kanada lilikuwako jambo jingine lililopitishwa upesi sana kuwa sheria, nalo ni maziwa. Waliopingana juu yake hawakuwa Wakanada na Wamarekani tu, bali wakulima wa Kanada wao kwa wao. Mwenye ng'ombe wa gredi katika setilmenti ataielewa habari hii upesi kuliko mtu wa mjini.

Kanada hutegemea mnunuzi mmoja. Mwaka 2024, katika kila dola 100 za mali iliyouzwa nje, kadiri ya dola 75 zilitoka Marekani. Tarehe 25 Novemba, 2024, Bwana Donald Trump, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa Rais lakini hajaapishwa bado, alitangaza kwamba ataweka ushuru wa asilimia 25 juu ya kila kitu kitokacho Kanada na Mexico. Sababu aliyoitoa ni wahamiaji na madawa ya kulevya yanayovuka mipaka. Kesho yake jioni Wabunge walikutana mjini Ottawa katika mjadala wa dharura.

Kila chama kilikuja na dawa yake. Serikali ya Bwana Justin Trudeau ilitaka nchi nzima iseme kwa sauti moja. Wakonsavativu wa Bwana Pierre Poilievre walisema Serikali imeiacha nchi dhaifu kwa kodi zake na kwa kutolinda mpaka. Bwana Jagmeet Singh wa chama cha NDP alitaka iundwe kamati kama ya wakati wa vita. Wabunge wa Bloc Québécois, ambao hutoka jimbo la Quebec peke yake, walitaka jimbo lao lisisahauliwe, na wala ng'ombe wao wa maziwa wasisahauliwe.

Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa la zamani. Jirani akikutoza ushuru, je, nawe umtoze? Wakanada walikwisha kulijaribu jambo hili. Mwaka 1930 Marekani ilipandisha ushuru wa mayai kutoka senti 8 mpaka senti 10 kwa dazani. Kanada nayo ikapandisha wake kutoka senti 3 mpaka senti 10. Mwaka 1929 Wamarekani walikuwa wameuza Kanada dazani zaidi ya 900,000. Mwaka 1932 hazikufika hata 20,000. Mkulima wa kuku wa Marekani, ambaye sheria ile ilisemekana kumlinda, ndiye aliyepoteza soko. Lakini huko Kanada Serikali ya Bwana Mackenzie King, iliyokuwa imeweka ushuru wa kujibu mwezi wa Mei mwaka ule, haikupata shukrani yo yote: ilishindwa katika uchaguzi wa Julai, na Bwana R. B. Bennett aliyeahidi ukali zaidi akashika madaraka.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo watu wengi hulikosea. Ushuru wa forodha haulipwi na nchi iliyouza mali. Hulipwa mpakani na yule anayeiingiza mali nchini mwake, naye hujaribu kumsukumia mnunuzi wa dukani, au humwambia mkulima wa ng'ambo apunguze bei. Ni nani atakayebeba mzigo hutegemea ni nani aliye na haja zaidi. Potasi ni mfano mzuri. Sehemu kubwa sana ya mbolea hiyo inayotumiwa na wakulima wa Marekani hutoka katika machimbo ya jimbo la Saskatchewan. Ushuru ulipoanza mwezi wa Machi, 2025, haukupita hata wiki moja kabla ya Marekani kuupunguza ule wa potasi kutoka asilimia 25 mpaka 10, maana majira ya kupanda yalikuwa karibu.

Basi wako waliosema, kwa nini Kanada isitumie potasi na mafuta ya petroli kama fimbo? Iyatoze ushuru yanapotoka nchini! Bwana Scott Moe wa Saskatchewan na Bibi Danielle Smith wa Alberta, wanaoongoza majimbo yenyewe, walikataa kabisa. Bibi Smith hata hakutia sahihi taarifa ya pamoja ya viongozi wa majimbo ya Januari, 2025. Twaweza kuwalaumu, lakini ni rahisi kutoa fahali wa mwenzako achinjwe kwa ajili ya kijiji.

Jambo la ajabu ni kwamba ushuru wenyewe ulipokuja, Bunge halikuwa likikutana. Bwana Trudeau alitangaza Januari 6, 2025, kwamba atajiuzulu, na Bunge likafungwa mpaka Machi 24. Wapinzani walilalamika sana. Lakini sheria ya forodha ya Kanada huwapa Mawaziri uwezo wa kuweka ushuru wa kujibu kwa amri, bila kura ya Wabunge. Hivyo tarehe 4 Machi Marekani ilipoanza kutoza, Kanada ilijibu siku ile ile kwa asilimia 25 juu ya mali ya Marekani yenye thamani ya dola bilioni 30 za Kanada: maji ya machungwa, siagi ya karanga, mvinyo, nguo, pikipiki na vingine vingi. Siku tatu baadaye Bwana Trump alitaja maziwa, akisema ataitoza Kanada asilimia 250 kama inavyowatoza Wamarekani.

Je, ni kweli Kanada hutoza hivyo? Ni kweli, lakini si yote. Kila mfugaji wa Kanada ana kota yake, yaani haki ya kuuza kiasi fulani cha maziwa, inayopimwa kwa kilo za mafuta ya maziwa kwa siku. Bei huwekwa kwa kutazama gharama za shamba. Ili mpango huo usivunjike, maziwa ya kigeni huingia kidogo kwa ushuru mdogo au bila ushuru. Yakizidi kiasi kilichokubaliwa, hutozwa asilimia 241, na siagi karibu 300. Kuku na mayai vina mpango kama huo. Wazee wetu wanaokumbuka kota za KCC za miaka ya 1960 watajua faida yake na uchungu wake. Aliye ndani hulala usingizi. Aliye nje hubisha hodi. Huko Ontario na Quebec kota ya kilo moja, ambayo ni karibu maziwa ya ng'ombe mmoja, huuzwa kwa dola 24,000 za Kanada. Ng'ombe mwenyewe ni mbali.

Wabunge wa Bloc walikuwa wametaka kwa miaka kadhaa sheria ya kumkataza Waziri kuyatoa maziwa, kuku na mayai katika mapatano ya biashara. Mswada wa kwanza ulipita Baraza la Wabunge Juni, 2023, kwa kura 262 dhidi ya 51, ukakwama katika Seneti, ukafa Bunge lilipovunjwa Machi, 2025. Baada ya uchaguzi wa Aprili, Bwana Yves-François Blanchet aliuleta tena. Safari hii hakuna aliyetaka kuonekana anamsaidia Bwana Trump. Tarehe 5 Juni Baraza liliupitisha kwa kauli moja, bila kuhesabu kura, na tarehe 26 Juni ukawa sheria.

Wafugaji wa ng'ombe wa nyama na wakulima wanaouza nafaka ng'ambo hawakufurahi. Walisema: ukienda sokoni na mbuzi watano, ukatangaza kwamba watatu hawauzwi, mnunuzi atawabana wawili waliobaki, na hao ndio wetu. Tena wakati ule wakulima wa kanola walikuwa na jeraha jingine. Kanada ilikuwa imeweka ushuru wa asilimia 100 juu ya magari ya umeme ya China, nayo China ikajibu Machi, 2025, kwa asilimia 100 juu ya mafuta na mashudu ya kanola na juu ya mbaazi. Mkulima wa kanola hakuwahi kuunda gari.

Kwa maoni yetu wasiwasi wao haukuwa wa bure. Mwisho wa Juni, siku moja tu baada ya sheria ya maziwa kutiwa sahihi, Marekani ilikatiza mazungumzo kwa sababu ya kodi ya Kanada juu ya makampuni makubwa ya mtandao. Kanada iliifuta kodi hiyo. Tarehe 1 Septemba iliondoa pia sehemu kubwa ya ushuru wake wa kujibu, ikiacha ule wa chuma, alumini na magari. Maziwa hayakuguswa. Lakini mkataba wa biashara wa Kanada, Marekani na Mexico, ulioanza Julai, 2020, uliandikwa kwamba nchi zote tatu ziutazame upya ufikapo mwaka wa sita, yaani Julai, 2026, na Wamarekani walikuwa wamekwisha kusema mapema kwamba watakuja mezani na habari ya maziwa.