Lile tundu katikati ya wembe lina kazi gani?

Chukua wembe wa dukani, ule unaofungwa kwenye karatasi. Umewahi kujiuliza kwa nini umetobolewa katikati kwa umbo lile la ajabu? Wengi wetu tunaushika kwa vidole tu: tunakata kucha, tunachonga penseli, fundi anafumulia nguo. Tundu halitusaidii chochote.

Jibu liko Boston, Marekani. Mwaka 1903 King Camp Gillette, ambaye aliwahi kuwa muuzaji wa vizibo vya chupa, alileta sokoni wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Kabla ya hapo wanaume walitumia kisu cha kunyolea, cha kunolewa kila mara kwenye mkanda wa ngozi. Mwaka wa kwanza biashara ilikuwa mbaya kweli: mipini 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mipini ilipita 90,000.

Wembe huo ulikuwa na matundu matatu ya duara, ya kuubana ndani ya mpini usiteleze. Hataza ya Gillette iliisha 1921, washindani wakaingia. Mwaka 1930 kampuni yake iliungana na AutoStrop ya Henry Gaisman, na ni katika kipindi hicho ulipokuja mpasuo mrefu unaokubali mipini ya zamani na mipya. Viwanda vingine vikaiga. Umbo limebaki hivyo, hata kwetu sisi tusio na mpini.

Shida ni kwamba kitu kilichotengenezwa kitupwe, kwenye nyumba nyingi kinakaa dirishani mpaka kiote kutu, na kila mtu anakitumia. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu kidogo usiyoiona inatosha kuambukiza. Kuufuta wembe kwa kitambaa siyo kuusafisha. Kila mtu awe na wake, hata watoto.

Na kuutupa? Wamarekani wa zamani walikuwa na kitundu nyuma ya kabati la bafuni, wembe unadondokea ndani ya ukuta, basi! Mafundi wakibomoa nyumba hizo leo wanakuta lundo la nyembe zenye kutu. Wewe tumia kopo lenye mfuniko. Anayebeba taka zako huenda hana glavu.