Ving'ora Visivyotumia Waya Katika Miji ya Mpakani

Katika doria za usiku Busia, Malaba, Mutukula na vijiji vya jirani tumeona nyumba na maduka mengi yakifungwa ving'ora visivyotumia waya. Ni hatua njema. Lakini tumewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo king'ora kimelia bure, na mara nyingine, jambo lililotusikitisha zaidi, kwenye duka lililovunjwa huku king'ora kikiwa kimya. Tena king'ora kikilia bure usiku wa tatu mfululizo, jirani hatoki.

Vihisi vya mlangoni na ukutani huwasiliana na kisanduku kikuu kwa mawimbi ya redio, mara nyingi ya megahezi 433. Wengi hudhani kwamba mvua inayoanguka ndiyo inayoyazuia. Sivyo, matone hayayapunguzi kwa kiasi cha kutajwa. Kinachoyadhoofisha ni maji yaliyonywewa na ukuta wa udongo au wa tofali, na migomba iliyolowa kati ya nyumba na stoo. Umbali ulioandikwa kwenye boksi la kifaa hupimwa mahali peupe, wala si penye kuta tatu mbichi. Mabati na milango ya chuma ni kizuizi kikubwa zaidi, mvua iwepo isiwepo. Kwa sababu hiyo tunaomba king'ora kijaribiwe tena siku ya mvua kubwa, wala tusiridhike na jaribio la fundi lililofanywa jua likiwaka.

Mvua za Machi hadi Mei huleta pia kasoro ndogo isiyoshukiwa. Mlango wa mbao hufura, sumaku iliyo mlangoni ikasogea mbali na kihisi kilicho kwenye fremu, na kisanduku kikadhani mlango umefunguliwa. Dawa yake ni randa ya seremala, si king'ora kipya.

Joto nalo lina hila zake. Kihisi cha mwendo humtambua mtu kwa tofauti iliyopo kati ya joto la mwili wake na la vitu vilivyomzunguka. Chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, ukuta hukaribia joto la mwili, na kihisi huweza kumkosa mtu anayepita mbele yake. Kinyume chake, mjusi akitambaa juu ya kioo cha kihisi, kwa karibu vile, huonekana kama jitu. Joto hilohilo hufupisha maisha ya betri ya akiba, ambayo ndiyo tegemeo umeme unapokatika. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na mshtuko wa radi hupita kwenye nyaya za umeme hadi ndani ya kisanduku. Anayechomoa waya ukutani kwa kuhofia radi hakosei, mradi betri iwe nzima na asisahau kuurudisha.

Linalotuhusu sisi wa mpakani hasa ni laini ya simu. Ving'ora vingi hupiga simu au kutuma ujumbe kwa mwenye nyumba, navyo, kama simu za mkononi, hutafuta mnara unaosikika. Mnara wa nyumbani ukizimika kwa dhoruba, kifaa huweza kuhamia mnara wa nchi jirani. Laini isiyoruhusiwa kutumika nje hubaki bubu, na yenye salio dogo huishiwa upesi. Hata iliyoruhusiwa yaweza kupotea njia: namba iliyohifadhiwa kwa kuanzia na 07, ikipigwa kupitia mtandao wa Kenya, huchukuliwa kuwa namba ya Kenya, na mtu asiyekufahamu ndiye anayeamshwa usiku wa manane.

Kwa hiyo namba zote ndani ya kisanduku ziandikwe kwa msimbo wa nchi, yaani +256 kwa laini za Uganda. Ichaguliwe laini ya kampuni yenye mnara ulio karibu upande wetu, na kisanduku kiwekwe kwenye ukuta ulio mbali na mpaka. Ya kwanza kupigiwa iwe namba ya jirani anayelala karibu, kisha ya mwenye nyumba. Nasi twapatikana kwa 999 au 112. Jirani huyo aombwe ruhusa kwanza, na aelezwe mapema siku ya jaribio.