Mukono ukivunjika ku kazi, nani analipa?

Kule Kolwezi na Likasi, watu wengi wenye kutumika mu migodi hawakuandikwa na kampuni kubwa yenyewe. Waliandikwa na sous-traitant. Nguo ya kazi iko na jina la kampuni, kontra iko na jina la mwingine. Jiwe likianguka, kila mukubwa anaonyesha mwenzake kidole.

Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iko wazi: mwenye kukuandika kazi, hata akiwa sous-traitant mudogo, anapashwa kukuandikisha ku CNSS, ile tulizoea kuita INSS. Ku kila franka 100 za mushahara, analipa 1,50 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi. Hiyo ni makuta yake, hapana yako. Wewe, CNSS inakukata 5 tu, nazo ni za pensheni. Ajali ya njiani, ukienda kazini ao ukirudi, inahesabika pia.

Angalieni: karatasi ya mushahara kuonyesha wamekata haitoshi. Makuta inaweza kukatwa na isifike. Baba, enda mwenyewe ku biro ya CNSS na namba yako, uulize kama patron analipa kweli. Na wewe mama, uandike namba ile, uiweke pamoja na kontra mu nyumba, hapana mu mufuko wa nguo ya kazi.